Dansi ya Tango, Boksi Mkononi

Wenzangu wakiingia Second Life huenda disko au madukani. Mimi napenda vichochoro. Dunia ile ya kompyuta imefunguliwa tangu 2003, imekatwakatwa vipande vya mita 256 kwa 256, na kila mwenye kipande hujenga anachotaka. Unaweza kukuta kanisa limepakana na kambi ya mazombi, na hakuna mwenyekiti wa mtaa wa kumpelekea malalamiko. Niliwahi hata kuutafuta ubalozi wa Uswidi, ule uliozinduliwa humo mwaka 2007 na waziri wao wa mambo ya nje, Carl Bildt. Nilichelewa, walishaufunga. Viza hawakuwa wakitoa hata hivyo.

Usiku huo nilipanda treni ya Heterocera. Heterocera ni bara zima la humo, na sehemu zake nyingi zimepewa majina ya nondo, wale wadudu wa kwenye taa. Reli ipo kweli, na vituo vipo. Balaa liko mipakani. Ukivuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine, seva moja inakukabidhi kwa nyingine, na kama unatumia bando la usiku la bei poa, katika makabidhiano hayo lolote linaweza kutokea. Treni ilivuka. Mimi nikabaki hewani nimekaa kitako, kiti hakuna, kisha nikatumbukia baharini.

Kuzama kule hakuna. Nikatembea sakafuni mwa bahari, boksi mkononi. Nalo lina habari yake: nilikuwa nimeokota kanzu ya bure dukani, na nguo za kule mara nyingi huja ndani ya boksi. Inabidi ulifungue kwanza. Ukibonyeza “vaa” kabla ya kufungua, unalivaa boksi lenyewe. Basi lilikuwa limeganda kwenye mkono wa kulia, kubwa kuliko kifua changu.

Nikaibukia kisiwa cha mtu. Taa nzuri, sakafu ya mbao, na vipira viwili vinaelea, cha bluu na cha waridi. Nikabonyeza cha bluu nipumzike. Kumbe ni vipira vya dansi! Mdoli wangu, yaani mimi wa kwenye skrini, akanyoosha mikono, akaanza tango, dansi ya watu wawili, peke yake, amekumbatia hewa. Mara akatua mwanamke wa gauni jekundu, akabonyeza cha waridi, akaingia kifuani mwangu.

Mama Nasra naye hapo hapo akatokea jikoni na sahani ya mihogo.

“Baba Nasra, huyo nani?”

“Mdoli tu, mama.”

“Mdoli! Mbona umemshika kiuno?”

“Inashika kompyuta, siyo mimi.”

Akasogea karibu na skrini, akatazama vizuri. “Na hilo boksi? Umemletea zawadi?”

Maikrofoni nilikuwa nimeiacha wazi tangu kwenye treni, nilipokuwa napiga soga na abiria. Spika ikakohoa, ikatoka sauti nzito ya mtu mzima: “Shemeji, salaam aleikum. Usigombe, wallahi. Mie mwanamme, niko Maskati.”

Kiswahili cha Unguja kabisa! Mama Nasra akaweka sahani chini. “Mwanamume? Na gauni hilo la nani?”

“La mke wangu. Kainuka mara moja, nami nikabonyeza kidogo nitazame.”

Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke, na haikuwa ya upole: “We! Unacheza na nani na mdoli wangu?”

Nilitegemea vita. Mama Nasra akanisukuma kitini, akashika kipanya, akasalimia. Yule mama akaitikia, akauliza watoto. Dakika chache tu wakawa kwenye mambo ya maana: dhahabu soko la Matrah huko Maskati gramu inakwendaje, na je, khanga za Dar zikipelekwa kule zinalipa? Mama Nasra akaniagiza kalamu. Nikaleta. Akala na mihogo yangu.

Kwenye skrini tango likaendelea, boksi likipigapiga mgongo wa gauni jekundu. Bwana wa Maskati akanong'ona kutoka pembeni, “Ndugu yangu, huku kusimama kunafanywaje?”

Kitufe cha kusimama kipo chini katikati, nakijua vizuri. Nikanyoosha mkono kwenye kipanya.

“Ngoja kwanza,” akasema Mama Nasra, “ananipa bei ya bangili.”