Miwani iende nyumbani kwanza, ratiba za akili mnemba zisubiri

Ninaishi Uingereza, na nikiongea na vijana wa ujenzi wa kwetu nyumbani, swali la kwanza huwa lile lile: huko Uingereza si mnajengewa na roboti siku hizi? Hapana. Zege huku linamwagwa na watu wenye mabuti ya matope, mvua inasimamisha kazi, na fundi bomba bado anamsingizia fundi umeme. Kazi yangu ni kupanga ratiba za majengo, kwa hiyo vifaa vipya hunifikia mapema: miwani ya uhalisia pepe inayokuingiza ndani ya picha ya kompyuta, kamera za kwenye kofia, programu zinazotabiri mradi utakwisha lini. Nimeishi navyo vya kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wenyewe hauwafurahishi wauzaji. Miwani, ambayo huku mara nyingi ni pambo, ina kazi kubwa zaidi nyumbani. Ratiba za akili mnemba, ambazo huku zimeanza kulipa, nyumbani kwa sasa ni kupaua kabla ya kuchimba msingi.

Wazo la miwani lina umri. Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani mwaka 1968, nacho kilikuwa kizito mpaka kikaning'inizwa darini. Kilichobadilika ni uzito na bei. Tangu mwaka 2019 kuna miwani kama Oculus Quest, leo ikiitwa Meta Quest, isiyohitaji kompyuta pembeni. Unachukua modeli ya jengo iliyochorwa kwenye programu kama Revit, unaipandisha kwenye miwani, kisha unatembea ndani ya jengo ambalo hata jembe la kwanza halijapigwa.

Huku wanaoalikwa kuivaa ni mteja na wakurugenzi. Wanaguna, wanapigwa picha, wanavua, chai inaletwa. Mafundi wenyewe hawaihitaji sana. Wamesomea kusoma ramani, na mgongano wa bomba na boriti ulishanaswa muda mrefu kabla yao na programu kama Navisworks, inayoziweka pamoja modeli za injinia wa muundo, wa umeme na wa mabomba, kisha kuorodhesha kila mahali ambapo vitu viwili vinagombea nafasi moja. Mahali pekee ambapo nimeona miwani ikifanya kazi ya kweli huku ni mafunzo ya usalama: mtu anajifunza kazi za juu au kuongoza kreni, na akikosea hafi mtu.

Nyumbani hali ni nyingine. Anayejenga mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe, na wengi wetu hatusomi ramani. Si aibu, ile ni lugha ya kusomea. Mwenye nyumba anaangalia mistari, anatikisa kichwa kama aliyeelewa, anakubali. Ukuta ukifika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, ndipo anasimama katikati ya chumba na kuuliza, "Fundi, mbona kadogo hivi?" Ukuta unabomolewa. Tofali, saruji na siku zilizopotea haziandikwi popote. Zinaitwa mabadiliko madogo, na kila jengo linayo.

Mtu huyo huyo ukimvalisha miwani kabla ya msingi, atakwambia mwenyewe kwamba mlango ukifunguka unagonga sinki, au kwamba mzee wa kiti cha magurudumu hatapita kwenye korido. Hahitaji kujua kipimo cha moja kwa mia ni nini. Fundi naye ananufaika. Anayesuka nondo kwa uzoefu anajua mengi kuliko anavyosifiwa, lakini makutano ya nguzo na boriti, pale ambapo ringi, zile nondo nyembamba zinazofunga nondo kuu, zinatakiwa kukaribiana zaidi, ni magumu kuyasoma kwenye karatasi iliyolowa. Akiyazunguka kwa macho, akainama na kuyaona kutoka chini, maelezo yanapungua na kubishana kunapungua.

Nina tahadhari moja, nayo ni nzito. Miwani haijui kama nguzo itabeba. Itakuonyesha sebule yenye marumaru za kung'aa ndani ya ghorofa ambalo halijapigiwa hesabu yoyote, na utatoka umeridhika. Uzuri wa picha hauchukui nafasi ya injinia. (Kizunguzungu ni tatizo dogo kuliko hilo: macho yanaona unatembea, sikio la ndani linasisitiza umesimama. Modeli nzito kupita uwezo wa kifaa, ikaanza kukwamakwama, huzidisha. Ipunguze kabla hujamvalisha mzazi wako.)

Sasa akili mnemba. Hesabu ya ratiba yenyewe ni ya zamani. Ule utaratibu wa kutafuta mfululizo wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi wote unachelewa ulibuniwa kwenye kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1957. Programu za sasa zinaongeza kujifunza: zinasoma miradi iliyopita, zinaona kwamba kazi ya aina fulani iliyopangiwa wiki mbili huchukua tatu, kisha zinaichezesha ratiba yako mara maelfu na kukuambia uwezekano wa kumaliza kwa tarehe uliyomwahidi mteja. Mara nyingi jibu linaudhi, na mara nyingi ni la kweli.

Lakini zinajifunza kutoka wapi? Kwenye shajara. Hii ndiyo mali ya ughaibuni isiyoonekana kwenye video za mitandaoni. Kila siku saitini mtu anaandika nani amekuja, gari gani la zege limefika saa ngapi, limemwagwa wapi, na vipande vya zege vya majaribio vimetoa nguvu gani siku ya 7 na ya 28 baada ya kumwagwa. Ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeipenda. Wanaifanya kwa sababu wanalazimishwa. Serikali ya Uingereza iliamua kwamba kuanzia Aprili 2016 miradi ya serikali kuu ije na modeli za kidijitali na taarifa zake. Kisha likaungua jengo la Grenfell mjini London, Juni 2017, wakafa watu 72, na sheria ya mwaka 2022 ikataka majengo ya makazi yanayofika mita 18 au ghorofa 7 yawe na kumbukumbu za kidijitali zinazotunzwa tangu michoro mpaka watu wanapoishi ndani. Kwa majengo hayo, tangu Oktoba 2023 huanzi kujenga mpaka mamlaka ya usalama ikubali michoro yako.

Na hata hapo msidhani mashine imemaliza kazi. Reli ya Elizabeth, London, ilisifiwa kwa modeli zake za kidijitali kuliko karibu mradi wowote wa zama zake. Ilitakiwa kufunguliwa Desemba 2018, ikafunguliwa Mei 2022. Wakaguzi wa hesabu za serikali waliandika mwaka 2019 kwamba waliouendesha mradi waliing'ang'ania tarehe isiyowezekana. Programu gani itamsaidia bosi asiyetaka kuambiwa? Wanaopanga ratiba tunaijua "asilimia 90" ya msimamizi: kazi inafika asilimia 90 haraka, halafu inakaa hapo wiki baada ya wiki. Programu ikilishwa asilimia hizo inatoa utabiri wenye michoro mizuri na uongo ule ule.

Nyumbani kumbukumbu iko kichwani mwa msimamizi. Akihamia saiti nyingine inaondoka naye. Na kuna jambo la pili ambalo wauzaji wa programu hizi hawaligusi kabisa. Programu iliyofundishwa kwa miradi ya huku inachukulia kwamba fedha ipo, na kinachochelewesha ni hali ya hewa, vifaa au watu. Nyumba nyingi za nyumbani zinajengwa kwa awamu: msingi, kusimama, ukuta, kusimama, paa, kusimama kwa muda ambao hakuna anayeuzungumzia. Mfululizo wa kazi unaoamua tarehe ya mwisho unapita mfukoni. Ukiilisha programu mradi wa namna hiyo itaona mafundi wavivu wasiofika kazini miezi sita, wakati mafundi walikuwa tayari na tofali hazikuwepo. Kwa hiyo nikimwona mkandarasi wa nyumbani akilipia kila mwezi mfumo wa kutabiri ratiba, wakati hana hata daftari la siku, namwonea huruma.

Tungeanza na picha, na hapa nazungumza na ninyi mnaojenga kwa simu kama mimi. Mdogo wako anaandika WhatsApp, "Kaka, jamvi tumemwaga," na picha inaonyesha jamvi, yaani sakafu ya zege, safi kabisa. Nondo ziko wapi? Zimeshafunikwa, na hakuna picha itakayozirudisha. Simu inaonyesha pale mpigaji alipoielekeza tu. Kamera ya nyuzi 360 haichagui: inachukua ukuta uliopinda pamoja na ule ulionyooka. Huku tunaifunga kwenye kofia, mtu anatembea jengo zima, na programu za kampuni kama OpenSpace na Buildots zinaipanga kila picha mahali pake kwenye ramani. Nyumbani si lazima ulipie programu. Kamera, mtu wa kutembea nayo kabla ya kila kumwaga zege na kabla ya plasta, na folda zenye tarehe, vinatosha kwa kuanzia. Miaka ijayo ukitaka kutoboa ukuta utajua bomba limepita wapi.

Najua kitakachosemwa: ndugu anayesimamia ataona anachunguzwa. Mafundi wa huku nao walinuna kamera zilipoletwa. Mimi naona msimamizi ndiye anayepata kinga kubwa zaidi. Ukoo mzima ukianza kuuliza saruji ilikwenda wapi, mwenye picha za kila hatua hasingiziwi. Mwambieni hivyo mapema, kabla kamera haijafika.

Kitu kimoja cha nyumbani nakikosa sana huku, nacho ni uamuzi wa papo hapo. Fundi akikwama anampigia injinia, wanaelewana, kazi inaendelea. Huku swali dogo la upana wa tundu ukutani linajazwa kwenye fomu, linapita kwa watu wanne, linarudi baada ya wiki likiwa na swali jingine ndani yake. Tatizo la njia ya nyumbani ni kwamba uamuzi hauachi alama. Hapo ndipo ningeitaka akili mnemba mapema: isiyotabiri chochote, inayosikiliza tu. Fundi anatuma ujumbe wa sauti jioni kwa Kiswahili chake cha saitini, akieleza walichofanya, kilichokwama na nani aliruhusu kubadilisha nini, nayo inageuza kuwa shajara yenye tarehe. Programu za kugeuza sauti ya Kiswahili kuwa maandishi zipo tayari; zinahitaji kufundishwa maneno ya ringi, linta na jamvi. Kijana atakayeitengeneza aniandikie. Nitaijaribu kwenye nyumba yangu mwenyewe, ambayo imefika kwenye linta na, kama nyingine zote, inasubiri mwisho wa mwezi.