Kinachokilinda chuma: oksidi, au oksijeni tu?

Chuma kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa hutoa mapovu na kuliwa upesi. Kwenye asidi hiyohiyo ikiwa kali sana, kinatulia tuli. Mkemia James Keir aliliandika jambo hili mwaka 1790, na ubishi juu yake ungalipo. Kwamba uso wa chuma umepata kinga, hakuna anayekataa. Kinga ya nini?

Wengi husema ni utando wa oksidi, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, wenye unene wa nanomita chache tu. Ushahidi wao ni mzito. Mwaka 1927 U. R. Evans wa Cambridge alifaulu kuubandua utando wenyewe, na kitu kinachobanduka huwezi kukiita cha kudhaniwa. Miaka ya 1990 eksirei zikaonyesha kwamba atomu zake zimejipanga kwa namna inayokaribiana na magnetaiti, oksidi ya chuma yenye sumaku.

Upande wa pili, ambao Herbert Uhlig wa Marekani aliutetea kwa miaka mingi, unajibu kuwa oksidi huja baadaye. Kulika huzuiwa na oksijeni iliyojishika moja kwa moja kwenye atomu za uso, hata kama ni safu moja tu. Kloridi nayo, ile iliyomo kwenye chumvi, wanasema, huharibu kwa kuinyang'anya oksijeni nafasi hizo. Hapo ndipo ninapowatilia shaka: kama ni kugombea nafasi uso mzima, mbona kloridi hutoboa vishimo hapa na pale na kuacha sehemu za jirani zikiwa salama? Utando wenye kasoro unalieleza hilo kwa wepesi zaidi. Lakini jinsi kinga inavyoanza, kabla utando haujanenepa, naona Uhlig ana hoja. Mwanasayansi Michael Faraday mwenyewe, mwaka 1836, alisema uso umeoksidika, au una uhusiano na oksijeni unaolingana na kuoksidika. Aliacha milango yote miwili wazi!

Nondo ndani ya zege hupata utando bila asidi yoyote, kwa kuwa pH (kipimo cha uasidi; juu ya 7 si asidi tena bali ni alkali) humo ni kama 12.5 hadi 13. Hewa ya ukaa ikipenya na kuishusha pH chini ya 9, utando huisha eneo zima, na nadharia ya oksidi inatosha kulieleza hilo. Kloridi ya chumvi iliyo kwenye mchanga wa baharini ambao haukuoshwa hutoboa nondo hata pH ikiwa bado juu, na ni kwenye vishimo hivyo ndipo pande hizi mbili hazijapatana.