Omba kumbukumbu kabla gari halijajaa

Makosa mengi ya kumbukumbu kwenye draiva za Linux (programu zinazoendesha vifaa) hayaletwi na kuomba baiti nyingi. Huletwa na kuomba wakati mbaya. Msimamo wangu ni huu: bafa, yaani sehemu za kumbukumbu za kushikia data, ziombwe ndani ya `probe`, kitendaji kinachoitwa kifaa kinapotambuliwa, na njia ya data, yaani msimbo unaopitisha data kazi ikiendelea, isiombe chochote.

Chukua kisanduku cha GPS kwenye matatu, RAM MB 256, kinachowashwa alfajiri na kuzimwa usiku. `kmalloc`, ombi la kawaida la kumbukumbu ndani ya kerneli (kiini cha Linux), hutoa kumbukumbu iliyoshikana kwenye RAM yenyewe, na asubuhi haikusumbui. Kufikia jioni RAM imekatikakatika, na ombi la KB 64 linaweza kukataliwa ilhali megabaiti kadhaa ziko wazi. Ni kama Nissan ya viti 14: makanga anaita watu wanne, na kweli nafasi nne zipo, ila moja mbele, moja mlangoni, mbili nyuma. Familia inayotaka kukaa pamoja itabaki steji. Zaidi ya kurasa 8 za KB 4, yaani KB 32, kerneli yenyewe haijisumbui sana kukutafutia.

`vmalloc`, ombi la aina nyingine, huwatawanya abiria hao, kisha huwapa namba zinazofuatana kwenye karatasi. Prosesa huridhika. Kifaa cha DMA, kinachosoma RAM moja kwa moja bila prosesa, hakiridhiki, isipokuwa kiko nyuma ya IOMMU (saketi inayokitafsiria anwani) au kinapokea orodha ya vipande. Bafa ya DMA inayodumu iombe mapema kwa `dma_alloc_coherent`. Usiiweke kwenye steki, kumbukumbu ndogo ya muda ya kitendaji: tangu Linux 4.9 steki ya x86-64 inaweza kutoka vmalloc, na draiva kadhaa za USB ziliumbuka hapo.

Halafu kuna `GFP_ATOMIC`, moja ya bendera zinazoiambia kerneli namna ya kutafuta kumbukumbu, ambayo wengi huigeuza Panadol. Bendera ya kawaida, `GFP_KERNEL`, inaweza kulala ikisubiri kurasa, kwa hiyo ni marufuku ndani ya interapti (kifaa kinapoikatiza prosesa) au ukiwa umeshika spinloki (kufuli ambalo wanaolisubiri huzunguka bila kulala). Washa `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`, chaguo la kerneli la kunasa kosa hilo, italalamika hata RAM ikiwa tele. Lakini dawa si kubadilisha kila ombi liwe `GFP_ATOMIC`. Hiyo haisubiri, huchota akiba ya dharura ambayo kadi ya mtandao pia inaitegemea, na hurudisha NULL (jibu la kukosa) upesi zaidi. Hamisha ombi, usibadilishe bendera tu.

Jambo dogo: `kmalloc` ya baiti 4,100 hula 8,192. Kichwa cha baiti 4 ulichobandika juu ya ukurasa mzima kimekugharimu ukurasa wa pili.

`devm_kzalloc`, ombi linalofunga kumbukumbu na kifaa, naipenda kwa kupunguza uvujaji (kumbukumbu isiyorudishwa), ila ina mtego. Huirudisha kumbukumbu kwa kerneli draiva inapoachana na kifaa, hata kama programu bado imeshika faili lake chini ya `/dev`. Mtu akichomoa kebo, `read` inayofuata inagusa kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Data inayoguswa kupitia faili hilo iombwe kwa `kzalloc`, washikaji wake wahesabiwe kwa `kref`, kihesabio cha kerneli, na irudishwe mshikaji wa mwisho anapoachilia.