Acheni Kuuliza Tetemeko Lilikuwa la Ngapi

Kila ardhi inapotikisika mahali fulani duniani, swali la kwanza huwa lilelile: lilikuwa la ngapi? Namba inatolewa, 6.2 au 7.8, inasomwa kwenye taarifa ya habari, na sote tunaridhika kana kwamba tumeelewa. Kwa maoni yangu, namba hiyo ndiyo inayotueleza machache zaidi kuhusu yaliyowapata watu wa pale. Swali lenye faida ni jingine: nyumba zile zilikuwa zimesimama juu ya nini?

Tazama mwaka 2010. Tarehe 12 Januari Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, na makadirio mengi ya waliokufa yanazidi laki moja. Wiki chache baadaye, tarehe 27 Februari, Chile ikapata la 8.8. Waliokufa huko walikuwa mia tano na kitu. Kwenye kipimo hiki, kila namba moja inayoongezeka ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko la Chile lilitoa nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Mtu aliyepewa namba mbili hizo tu angekisia kinyume kabisa. Lile la Haiti lilitokea karibu na uso wa dunia, kilomita 25 hivi kutoka mji mkuu uliojaa majengo ya zege dhaifu. La Chile lilianzia baharini, tena katika nchi iliyokwisha kuonja tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, la 9.5 mwaka 1960, na iliyojifunza kuwabana wajenzi kwa sheria.

Chanzo chenyewe hakina fumbo kubwa. Ganda la dunia limekatika mabamba, na mabamba hayo yanasogea sentimita chache kwa mwaka. Kingo zake hukwama, mwamba unajipinda na kubeba mkazo kwa miaka mingi, kisha siku moja unaachia. Wanajiolojia wanajua vizuri ni wapi hili hutokea. Hawajui ni lini, na anayekutajia tarehe ya tetemeko lijalo mwache aende zake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mexico City. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka jijini. Kwa umbali ule, wakazi wa jiji walipaswa kuyumbishwa kidogo na kuendelea na shughuli zao. Badala yake walikufa maelfu. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya jiji hilo imekaa juu ya ziwa. Waazteki, wenyeji wa kale wa huko, waliujenga mji wao wa Tenochtitlan kwenye kisiwa ndani ya Ziwa Texcoco, Wahispania wakaja kulikausha ziwa, na jiji likatambaa juu ya tope lililobaki. Mawimbi ya tetemeko yalipoingia kwenye udongo ule laini yalipunguza mwendo na kukua, yakawa yanaupeleka huku na huku kwa mdundo wa sekunde 2 hivi. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 huyumba kwa mdundo unaokaribiana na huo, na ndiyo yaliyoanguka kwa wingi. Mnara wa Torre Latinoamericana, wenye ghorofa 44, ulibaki wima. Na mitaa ya kusini iliyojengwa juu ya lava iliyoganda haikupata madhara makubwa. Jiji moja, tetemeko moja, asubuhi moja, na kilichoamua nani azikwe ni aina ya udongo na urefu wa jengo.

Christchurch, Nyuzilandi, walipata somo la namna nyingine tarehe 22 Februari 2011. Tetemeko lao halikufika hata 6.5, lakini watu 185 walikufa, na baadaye maelfu ya nyumba zilibomolewa kwa sababu ardhi yenyewe haikufaa tena kujengwa. Mchanga uliojaa maji hubeba mzigo kwa sababu chembe zake zinagusana na kushikana. Ukitikiswa, chembe hutaka kubanana, maji yaliyo katikati hayana pa kwenda, shinikizo linapanda, chembe zinaachana, na kwa muda mfupi ardhi inakuwa uji. Nyumba inazama upande mmoja, bomba la maji taka linaelea hadi juu, mchanga wa kijivu unabubujika uani. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kuishi juu ya mchanga wa aina hiyo maisha yake yote asione dalili yoyote.

Hapa ndipo ninapogombana na jinsi jiolojia inavyofundishwa. Mwanafunzi hukaririshwa aina tatu za miamba, miamba moto, miamba mashapo na miamba geu, anazitaja kwenye mtihani, basi. Hakuna anayemwambia kwamba kila mwamba una tabia, na tabia hiyo inagusa maji anayokunywa. Jiwe la chokaa huyeyushwa na maji ya mvua, likatoboka mapango na mifereji, kwa hiyo uchafu uliomwagwa juu unaweza kutokea kwenye chemchemi ya mbali bila kuchujwa. Granaiti hushika maji kwenye nyufa tu, ndiyo maana kisima kimoja hutoa na cha jirani yake kinakauka. Basalti, yaani lava iliyoganda, ikioza huacha udongo wenye rutuba, na watu watalima kando ya volkano hata ukiwatisha vipi. Siwalaumu.

Asiyejali tabia ya mwamba huweza kujenga vizuri sana mahali pabaya. Bwawa la Vajont, kaskazini mwa Italia, lilikuwa na ukuta wenye kimo cha mita 262 hivi, miongoni mwa kuta zilizokwenda juu kuliko zote za wakati wake. Mlima Toc uliokuwa kando yake ulikuwa na matabaka ya chokaa yaliyoinamia bwawani, na kati yake utando mwembamba wa udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1960 kipande kiliporomoka na ufa wa takribani kilomita 2 ukatokea mlimani. Kazi iliendelea. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, mita za ujazo zipatazo milioni 260 za mlima ziliteleza na kuingia majini, wimbi likaruka juu ya ukuta, mji wa Longarone ukafutika. Walikufa watu karibu 2,000. Ukuta bado umesimama hadi leo.

Lakini nikiishia kwenye majanga ya ghafla nitakuwa nimekosa nusu ya jambo, maana ardhi huua polepole pia. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, ilichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni ili watu waache kunywa maji ya madimbwi na mito yaliyokuwa yakiwaletea kuhara na kipindupindu. Nia ilikuwa njema. Ila nchi hiyo imekaa kwenye delta, na mashapo yake, yaani mchanga na tope vilivyoletwa na mito, yametoka milima ya Himalaya, na chembe zake zimefunikwa kutu ya chuma iliyobeba aseniki, ambayo ni sumu. Mashapo yakifukiwa pamoja na mabaki ya mimea, bakteria humaliza oksijeni yote, kutu inayeyuka, na aseniki inaingia majini. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hadi madhara yalipojulikana vizuri katika miaka ya 1990, makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wameyanywa maji hayo, na baadhi yao walikuwa tayari na madoa na vigaga vya ngozi. Saratani huja baadaye zaidi. Maji yalikuwa yamepimwa vijidudu. Mwamba haukuulizwa.

Upande wa pili wa habari hii unapendeza zaidi. Nyanda za majani mafupi za kusini mwa Serengeti hazina miti, na mara nyingi sifa hupewa moto na wanyama. Vina mchango wao, lakini chini kuna majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na ya Ol Doinyo Lengai. Mvua huyeyusha chumvi na chokaa kutoka kwenye majivu hayo na kuziacha chini kidogo, zikaganda kuwa tabaka gumu ambalo mzizi wa mti haulipenyi. Majani yanayoota juu yake yana kalisi na fosforasi nyingi, vitu anavyovihitaji sana nyumbu anayenyonyesha, na huko ndiko nyumbu huzalia karibu na Februari. Atakayetaka kuwalinda nyumbu bila kuyajua majivu yale atakuwa analinda nusu ya kitu.

Hata msitu wa Amazon unakula jangwa. Vumbi la Sahara, ambalo bonde la Bodélé huko Chadi ni mojawapo ya vyanzo vyake vikuu, huvuka Atlantiki kila mwaka. Bodélé ni sakafu ya ziwa la kale, imejaa maganda ya mwani mdogo unaoonekana kwa hadubini tu. Mwaka 2015 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walikadiria kwamba vumbi hilo hupelekea bonde la Amazon tani 22,000 hivi za fosforasi kwa mwaka, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho msitu huo hupoteza kwa mvua na mafuriko.

Najua jibu nitakalopewa: ramani za jiolojia zipo. Zipo, lakini zimechorwa na wanajiolojia kwa ajili ya wanajiolojia, na rangi zake mara nyingi huonyesha umri wa miamba. Mnunuzi wa kiwanja hahitaji kujua kwamba mwamba una miaka milioni 200. Anahitaji kujua kama utatikisika vibaya, kama maji yake yananyweka, kama kilima cha nyuma kinasogea. Taarifa hiyo iambatane na hati ya kiwanja, kwa maneno ya kawaida.

Bangladesh walionyesha kwamba inawezekana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipima visima karibu milioni 5, wakapaka midomo ya mabomba rangi: nyekundu kwa maji yaliyozidi kiwango cha nchi hiyo cha mikrogramu 50 za aseniki kwa lita, kijani kwa yasiyozidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kikali zaidi, mikrogramu 10, lakini hata mtoto asiyejua kusoma alielewa achote wapi. Tatizo likawa kwamba rangi hufifia, na watu waliendelea kuchimba visima vipya ambavyo havikupimwa na yeyote. Kwa hiyo ninapodai ramani za wazi sisemi zichapishwe mara moja zikafungiwe kabatini. Upimaji wa ardhi uwe na fungu lake la bajeti kila mwaka, kama barabara zilivyo na lake.