Mimbari ya mwaka 1649 bado ipo Elmelunde

Kwa nje, kanisa la kijiji cha Elmelunde, kisiwani Møn nchini Denmark, ni kuta nyeupe pe na mnara, basi. Makanisa ya namna hiyo nilishayaona mengi. Ila nilipoingia nikainua macho, nilisimama palepale, kofia mkononi.

Dari ni ya matao, na kila pembe imejaa picha: wekundu wa udongo, manjano, kijani kilichofifia. Adamu amefukuzwa bustanini, sasa yuko nyuma ya plau, na nguo zake ni za mkulima wa Denmark wa zama zile. Kwingine jehanamu imeachama kama domo la mnyama. Nyuso zimetulia, macho kama ya mtu aliyeanza kusinzia. Mkulima asiyejua Kilatini alikaa hapa akajiona yeye mwenyewe darini. Sijui mahubiri gani yangemfikia zaidi ya hapo.

Jengo lilianza karne ya 11, picha zikachorwa mwishoni mwa karne ya 15. Jina la mchoraji limepotea, wanamwita tu Bwana wa Elmelunde. Kazi ya mkono wake ipo pia Keldby na Fanefjord, kisiwa hichohicho.

Mwaka 1536 Denmark ikawa ya Kilutheri. Mafundisho yalibadilika, nyumba ikabaki. Picha zilikuja kupakwa chokaa, na miaka ya 1880 chokaa ikabanduliwa taratibu, Adamu akatokea na plau yake.

Lakini mimi nilikaa muda mrefu zaidi mbele ya mimbari. Ni ya mbao, imenakshiwa kwa ustadi mkubwa, zawadi ya mwaka 1649 kutoka kwa Corfitz Ulfeldt na mkewe Leonora Christina, binti wa mfalme Christian wa Nne. Baadaye Ulfeldt alihukumiwa kwa uhaini, na mkewe akafungwa mnarani Copenhagen karibu miaka 22. Ungetegemea mimbari yao ing'olewe. Haikung'olewa, mpaka leo ipo.

Nimelelewa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na hapo ndipo roho iliponiuma. Usharika niliokulia ulikuwa na mimbari ya mninga, imechongwa na fundi wa palepale, ukingo wake umelainika kwa viganja vya wachungaji. Tulipoweka vigae tukanunua mimbari ya kioo, na ile ya zamani ikapasuliwa kuni za jikoni siku ya mavuno. Hakuna aliyeuliza fundi yule alikuwa nani.

Sipingi vigae, kanisa lazima litunzwe, na waumini wanaongezeka. Ninachokipinga ni kuona kila cha zamani kama aibu. Pale Elmelunde mchungaji hupanda ngazi za mbao zile za Ulfeldt, juu yake dari ya enzi za Wakatoliki, akahubiri Kilutheri, na hakuna anayeona ajabu. Kwetu bado zimebaki mimbari chache za mninga, kengele za wamisionari, mabenchi yaliyorandwa kwa mkono. Wazee wa usharika, kabla ya harambee ijayo ya ukarabati, viandikeni daftarini, na jina la fundi kama bado kuna anayelikumbuka.