Treni ya Abiria na Hazina: Tusome Daftari Lote

Vijiweni Mwanga, Kigoma, hoja ya reli huibuka kila treni ikichelewa. Mmoja atasema reli inakula kodi zetu bure. Mwingine atamjibu kwamba reli nayo ni mlipakodi kama wengine. Msimamo wangu ni kwamba treni ya abiria hulipa kodi nyingi zisizoonekana kwenye tiketi, ila hupokea zaidi ya inachorudisha, na hakuna ubaya wowote katika hilo mradi hesabu iwe wazi.

Tuanze na tiketi. Anayekata tiketi ya Tabora kwenda Kigoma halipi VAT ndani ya nauli, kwa sababu Sheria ya VAT ya 2014 imesamehe usafiri wa abiria, isipokuwa teksi, magari ya kukodi na boti za kukodi. Wengi huishia hapo wakidhani Hazina haipati kitu. Lakini huduma iliyosamehewa si sawa na huduma ya kiwango cha sifuri, yaani inayotozwa VAT ya asilimia 0. Mwenye kiwango cha sifuri huidai TRA imrudishie VAT aliyolipa kwenye manunuzi. Aliyesamehewa hana cha kudai. Mkandarasi akikarabati vyoo vya mabehewa kwa shilingi milioni 10, ankara inafika milioni 11.8, na ile milioni 1.8 inabaki serikalini. Matengenezo ya njia inayopitisha abiria na mizigo yana utata zaidi: VAT yake hugawanywa kwa uwiano wa mapato, na fungu la abiria halirudi.

Ongeza PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ya madereva, mafundi wa njia na mastesheni masta. Kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30 ya faida, msiihesabu sana: penye hasara hakuna faida ya kutozwa, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ameshaitaja TRC, Shirika la Reli Tanzania, miongoni mwa mashirika yenye hasara.

Upande wa pili, Hazina inaitunza reli. Tangu 2015 bidhaa zinazoagizwa nje hutozwa tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo ukifika bandarini. Anayenunua simu Kasulu ameichangia reli hata kama hajawahi kuipanda.

Mifano ya nje nayo inataka uangalifu. Uingereza, huduma ya East Coast, treni za London hadi Edinburgh, ilipokuwa mikononi mwa serikali kati ya 2009 na 2015, ilirudisha takribani pauni bilioni moja. Ni kweli, lakini njia yenyewe ilikuwa ya Network Rail, iliyokuwa ikipokea ruzuku, na ada ya kupita njiani haikufidia gharama zote. Japani kampuni kubwa za reli za JR hulipa kodi, ila sehemu kubwa ya madeni ya shirika la zamani, lililovunjwa 1987, iliishia kubebwa na serikali. Marekani walichagua njia nyingine: Amtrak, shirika lao la treni za abiria, imesamehewa kodi za majimbo kwa sheria, na ruzuku yake hupitishwa na Bunge lao waziwazi.

Kwetu kasoro inaanzia kwenye mgawanyo wa gharama. Tabora ndipo mabehewa ya Kigoma, Mwanza na Mpanda hukatwa na kuungwa. Kichwa cha shanti kinachofanya kazi hiyo huhudumia na mizigo. Je, dizeli yake iandikwe wapi? Halafu lipo behewa la vifurushi lenye magunia ya dagaa na madumu ya mawese kutoka Kigoma. Mapato yake yakiandikwa kwenye mizigo wakati behewa linavutwa na treni ya abiria, hasara ya abiria itavimba bila sababu.

Kanuni inayofaa ni kugawa gharama ya njia kwa tani-kilomita ghafi, yaani uzito wote wa treni mara umbali inaokwenda. Treni ya abiria ya tani 600 ikipita njia moja na ya mizigo ya tani 1,200, uchakavu ugawanywe moja kwa mbili. Shanti igawanywe kwa saa, na vifurushi vibaki na treni iliyovibeba. Pengo litakalobaki serikali ilinunue kama huduma, kwa mkataba: treni ngapi kwa wiki, nauli isizidi kiasi gani, malipo kwa kila kilomita ya treni, na makato treni ikifutwa. Umoja wa Ulaya wanafanya hivyo chini ya Kanuni yao namba 1370 ya 2007.

Mkataba wa ujenzi wa SGR, reli ya kisasa ya umeme, ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Huko mita inaweza kufungwa ndani ya kila kichwa, ikasoma treni ya abiria imetumia uniti ngapi za umeme. Daftari la abiria lifunguliwe siku ya kwanza ya safari. Likichanganywa na la mizigo kwa miaka miwili mitatu, kulitenganisha baadaye kutategemea makisio ya watu waliokwishahamishwa vituo.