Anayejifunza kuhariri picha aanze na ngozi ya uso

Wengi wanaoanza kuhariri picha hapa Nairobi huanzia kwenye filta, na hapo hapo ndipo wanapokwama. Filta huisukuma picha nzima upande mmoja: anga, shati, ukuta na uso kwa mkupuo. Picha ya mijakaranda iliyochanua inaweza kustahimili hilo. Uso wa mtu hauwezi. Ukigeuka kijivu au zambarau, hata asiyejua lolote kuhusu picha ataona kuna kasoro. Ndiyo maana naamini anayeanza aachane na filta kabisa, ajifunze kwanza kuiweka sawa ngozi nyeusi. Akiiweza hiyo, mengine hayatamsumbua sana.

Programu si kisingizio. Snapseed ya simu na GIMP ya kompyuta ni za bure, na Photopea hufunguka ndani ya kivinjari, hata ukiwa saiba. Kinachowaangusha wengi ni faili yenyewe. Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imeshapunguzwa na kubanwa upya. Ukiivuta mwanga, vijisanduku vinajitokeza shavuni, kwa kuwa JPEG, aina ya faili ya picha hizo, huibana picha kwa vipande vya pikseli (vile vidoa vidogo vinavyounda picha) 8 kwa 8. Omba utumiwe kama dokumenti, kisha ufanye kazi kwenye nakala. Punguza pia mwangaza wa skrini hadi nusu hivi, na uzime ile hali ya usiku inayoipaka skrini umanjano. Anayehariri skrini ikiwa imewaka kwa nguvu zote huiacha picha na giza bila kujua, halafu huishia kumlaumu mchapishaji.

Anza na rangi ya mwanga. Harusi ikifanyika chini ya hema la kijani, kila uso hupata ukijani. Ukimpiga mtu picha ameketi kwenye nyasi za Arboretum, kidevu chake hupokea rangi ya nyasi kutoka chini. Tafuta kitu cheupe au cha kijivu kilichopigwa na mwanga ule ule unaoupiga uso, kama kola ya shati au karatasi, na usawazishe rangi kwa kukigusa hicho. Kila pikseli ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu kwa mpangilio huo, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Usiguse weupe uliokwisha kuungua: penye 255 katika rangi zote tatu hapana habari yoyote ya rangi iliyobaki.

Kisha pima, usibahatishe. Kwenye GIMP chukua kifaa cha kuchagua rangi, kiweke kisome wastani wa eneo dogo badala ya pikseli moja, kisha uguse shavu, mbali na mng'ao wa paji la uso na mbali na midomo. Katika ngozi yetu nyekundu inapaswa kuwa juu, kijani ifuate, buluu iwe chini. Shavu linalosoma 124, 84, 62 lina uhai. Linalosoma 118, 96, 98 limekwisha kuwa kijivu cha zambarau, kwa sababu buluu imeipita kijani. Hapo sogeza joto la rangi kuelekea umanjano kidogo kidogo, ukipima tena kila mara, hadi mpangilio urudi.

Mwanga ndio mtihani mkubwa. Kamera ikijipangia yenyewe hutafuta wastani wa fremu nzima, kwa hiyo mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe hutoka na uso uliozama gizani. Anayeanza huipandisha picha yote na ukuta unaungua, au huvuta vivuli hadi mwisho, nywele zikapoteza weusi wake na chenga, vile vidoadoa vya penye giza, zikatapakaa. Dawa ni kugusa uso peke yake. Kwenye Snapseed, weka nukta ya kifaa cha kuchagua sehemu juu ya shavu, bana au tanua kwa vidole viwili hadi eneo lake litoshe uso, kisha pandisha mwangaza kati ya 10 na 20. Mara nyingi hiyo inatosha. Mng'ao wa paji la uso upunguze tu, usiufute, kwani ndio unaoupa uso umbo. Kile kitelezi cha kukoleza mikwaruzo na vinyweleo kikae mbali na ngozi, maana huifanya ionekane chafu.

Jua la saa sita mchana ni taabu nyingine. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, jua linasimama karibu utosini na macho yanageuka mashimo. Unaweza kuyainua kidogo kwa nukta mbili ndogo, lakini kumsogeza mtu kivulini kabla ya kupiga kunashinda uhariri wowote.

Na kumweupisha mtu si kuhariri. Filta za urembo hupandisha rangi ya ngozi na kuilainisha hadi ikawa kama plastiki, na anayezizoea hapati kuijua ngozi anayoifanyia kazi. Kama mama wa aliyepigwa picha hatamtambua kwa rangi, kazi hiyo irudiwe.

Kunoa picha, yaani kukoleza kingo zake, kuje mwisho, baada ya kuiweka kwenye ukubwa wake. Kwa chapa ya inchi 4 kwa 6, pikseli 1200 kwa 1800 zinatosha. Hifadhi JPEG yenye ubora wa 90 hivi, katika mfumo wa rangi wa sRGB.

Ukitaka wenzako kwenye kundi wakukosoe, weka picha ya asili na uliyohariri bega kwa bega, zikiwa na ukubwa sawa, na uulize jambo moja tu: je, shavu la kushoto bado lina ukijani? Ukiuliza "mnaonaje?" utaambiwa ni nzuri sana, na kesho utarudia kosa lile lile.